Mtihani Katika Chumba cha Manzi

Alida alipata kazi kwa Harriet kwa sababu wenzake waliomtangulia walishindwa. Mmoja alimwagiwa uji wa moto kifuani. Mwingine aliondoka bila kuaga, akaacha hata kandambili zake mlangoni, na Harriet alipompigia simu kumwuliza kulikoni, akakata. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama yake Harriet, bibi mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, ambaye ugonjwa wa kusahau ulimwingia polepole mpaka siku moja akamfukuza binti yake sebuleni akimwita mwizi.

Jina lake lilikuwa Connie, lakini watu wote walimwita Mwalimu. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia ukimbizini Tanzania, akafundisha Kiingereza katika shule za Karagwe hadi alipostaafu, ndipo Harriet akamleta Kigali wakaishi pamoja Remera, mtaa wa nyuma ya mabaa ya Gisimenti. Ugonjwa ulimnyang'anya mengi. Alisahau kwamba mumewe alikufa, akasahau jinsi ya kufunga vifungo, na siku nyingine alimsahau Harriet mwenyewe. Kiingereza hakukisahau. Kilikaa humo kichwani mwake kizima, kimenyooka, kana kwamba kilihifadhiwa chumba tofauti.

Alida naye alikuwa mkimbizi, ila wa juzi. Alikuwa nesi, mzaliwa wa Bwiza mjini Bujumbura, na alivuka mpaka na mumewe Léonidas mwaka wa 2015, vyeti vyake vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki aliojifunga tumboni chini ya kitenge. Kigali hakuna aliyemkataa wala aliyempokea. Kila alikokwenda aliambiwa asubiri. Akasubiri huku akifua nguo za watu, mpaka mtu akamwelekeza kwa Harriet.

Siku ya kwanza Mwalimu alimrushia kijiko. Alida akakiokota, akaketi sakafuni mbele ya kiti cha bibi, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mwalimu, mie iko na njaa. Tukule pamoja."

Bibi akamkodolea macho. Halafu akacheka.

"Nina njaa," akamsahihisha. "Tule pamoja."

Wakala. Tangu siku hiyo Harriet aliweza kwenda kazini na kurudi akamkuta mama yake ameoga, amepakwa mafuta, ametulia. Harriet alikuwa mtu wa ofisi, mama wa kijana mmoja, Manzi, aliyekuwa akisoma India, na mumewe waliachana zamani. Hakuwa na wa kumsaidia. Aliwahi kumshika Alida mikono yote miwili pale jikoni akamwambia, "Wewe ndiye uliyeniokoa," na Alida alijua kwamba hasemi kwa adabu tu.

Kisha ikaja nafasi ya Kanada. Aliyemwunganisha ni rafiki waliyesoma naye unesi, ambaye alikuwa kule tayari: nyumba ya kutunzia wazee, katika mji ambao Léonidas aliutafuta kwenye simu akaona picha za magari yaliyofukiwa na theluji mpaka madirishani. Walimhoji Alida kwa video, wakampenda. Walimwambia mumewe angemfuata baadaye. Kilichobaki ulikuwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ule unaofanyiwa nyumbani kwenye kompyuta, na walitaka matokeo upesi kwa sababu waombaji walikuwa wengi.

Masharti ya mtihani yalikuwa makali. Uwe peke yako chumbani. Mlango ufungwe. Isisikike sauti nyingine yoyote, na mtandao usikatike. Alida na Léonidas walipanga chumba kimoja Gitega, ukuta huu wakichangia na fundi cherehani, ule na familia ya watoto wengi. Mtu akipiga chafya upande wa pili ulimwambia pole bila kuinuka kitandani.

"Mama Manzi, nina neno," Alida alimwambia Harriet jioni moja wakiosha vyombo. Akamweleza yote.

Harriet akafunga bomba. "Lini?"

"Nikishinda mtihani, labda mwezi wa tisa."

"Na Mama?"

"Nitatafuta mtu. Nitamfundisha mimi mwenyewe kabla sijaenda."

"Mtu gani, Alida? Wewe si umesikia waliopita hapa?" Harriet alisema. Akafungua bomba tena, akaosha sahani ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Usiku ule Alida alikwenda kwao akiwa na hofu ya kufukuzwa kazi. Lakini asubuhi Harriet alimpokea kwa uso mwema, uso mwema kupita kiasi, akamwambia, "Nimefikiri. Mtihani wako utaufanyia hapa hapa. Chumba cha Manzi kiko tupu, kina meza, mtandao uko mzuri. Mimi nitakaa na Mama. Usihangaike."

Alida nusura apige magoti. Léonidas aliposikia alisema, "Huyo mama ni mtu wa Mungu," na Jumapili akamtolea misa ya shukrani.

Wakaanza mazoezi. Léonidas alikuwa mwalimu wa Kifaransa huko kwao. Kigali aliuza chaja na vifuniko vya simu kando ya njia. Kiingereza alikijifunza kwenye simu yake, na aligundua kwamba mtihani unapenda kuuliza mambo ya kila siku: chakula, marafiki, mapumziko, na zaidi ya yote hali ya hewa. Unapenda hali gani ya hewa? Ungependa kuishi katika tabianchi ya namna gani, na kwa nini?

"Sema unapenda baridi," alimwambia mkewe. "Wale ni watu wa baridi. Wajue hutawakimbia."

"Mimi sipendi baridi, Léo."

"Nani kakuuliza unachopenda?"

Ni kweli hakupenda. Alizaliwa kwenye joto la Bujumbura, joto la kulala bila shuka, na hata hizi asubuhi za mvua za Kigali, zenye ukungu milimani, zilimwuma kwenye vifundo. Hata hivyo alijifunza maneno ya Léonidas. Napenda baridi kwa sababu hewa huwa safi. Napenda theluji kwa sababu ni nzuri na watoto huichezea. Hawakuwa na watoto, wala hawakuwahi kuiona theluji.

Mchana, Remera, Mwalimu Connie naye alimfanyisha mazoezi bila kujua ni ya nini. Ilitosha Alida aanze sentensi moja ya Kiingereza, na bibi aliyekuwa ameinamisha kichwa akiwa hajui ni saa ngapi, alinyanyua kidevu akawa mwalimu tena. Alimkemea kwa kuchanganya R na L, maana kinywani mwa Alida neno la mvua liligeuka neno jingine kabisa. "Ulimi nyuma! Nyuma! Rain." Alimfundisha kwamba hali ya hewa ni ya leo na kesho, bali tabianchi ni ya miaka. Na Alida alipomsomea majibu yake ya theluji, bibi alikunja uso.

"Unasema uongo," alimwambia kwa Kiingereza. "Mtu akisema uongo kwa lugha ya kigeni, sarufi inamkimbia. Sema unachokipenda kweli. Mtahini hapimi moyo wako."

"Lakini Mwalimu, wao iko kwenye baridi."

"Wako," bibi akasema. "Wako kwenye baridi." Halafu akamwuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa, na mambo yakaishia hapo.

Siku waliyoichagua ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, watu wanapotoka kufanya kazi za pamoja mitaani na maduka yakafungwa. Alida aliichagua kwa ajili ya ukimya: mabaa ya Gisimenti yasingepiga muziki, magari yasingepita. Alilala kwa Harriet. Alfajiri alimwogesha Mwalimu, akamvika gauni la bluu, akamlisha uji wote. Akamweka sebuleni kando ya Harriet, aliyekuwa na kikombe cha chai na simu.

"Nenda, dada," Harriet alisema. "Nipo."

Chumba cha Manzi kilikuwa mwisho wa korido. Kufuli lake liliharibika zamani. Mlango ulifungika lakini haukukomeka. Alida aliketi, akawasha kompyuta ya Harriet. Sauti ya mwanamke ikamsalimu kutoka mbali, msimamizi wa mtihani, akamwamuru aionyeshe kamera kuta, dari, chini ya meza, masikio yake. Alitii.

Maswali ya kwanza aliyajibu vizuri. Jina. Kazi. Anaishi na nani. Kisha likaja: hali ya hewa ikoje nchini kwako?

Alisita. Nchi ipi? Hilo Léonidas hakulitayarisha. Angesema Burundi, ambayo hajaiona tangu 2015, au hapa anapoishi? Sekunde zilikuwa zikipungua kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Akasema, kwa Kiingereza chake cha kujengajenga, kwamba alikozaliwa kuna joto na anakoishi kuna mvua nyingi, na alipofika kwenye neno la mvua akarudisha ulimi nyuma kama alivyofundishwa, likatoka sawasawa. Akajisikia nguvu. Aliona kwamba anaweza.

Swali lililofuata lilisema: ungependa kuishi katika tabianchi ya namna gani? Eleza sababu.

"Ningependa nchi ya baridi," Alida alianza, "kwa sababu hewa huwa safi..."

Mlango ukafunguka nyuma yake.

Alimwona kwanza kwenye kioo, juu ya bega lake mwenyewe: gauni la bluu, nywele nyeupe. Mwalimu Connie aliingia taratibu, akaja akasimama karibu na kiti, akaisoma kompyuta kama mtu asomaye ubao.

"Hapana," bibi akasema kwa Kiingereza chake kile kizuri. "Huyu haipendi baridi. Anawadanganya."

"Kuna mtu mwingine chumbani?" msimamizi akauliza.

"Ni mgonjwa wangu," Alida alisema. "Naomba radhi, hajui. Mama Manzi!" akaita kwa nguvu kuelekea korido. "Mama Manzi!"

Hakuitikiwa. Na Mwalimu, akidhani swali limeulizwa yeye, akajibu. Alisema yeye angependa kuishi nchi ya vilima, isiyo na joto kali wala baridi kali, kama Karagwe mwezi wa saba, wakati ukungu unakaa bondeni mpaka jua lipande, nawe unawapeleka watoto shuleni miguu yao ikiwa imelowa umande, na mchana kunakauka, na jioni unavaa sweta moja tu. Alisema hayo kwa sentensi ndefu zisizo na kosa hata moja. Lilikuwa jibu ambalo lingepata alama zote.

"Tafadhali, mtu huyo atoke sasa hivi," msimamizi alisema.

Sauti ile isiyo na mtu ilimtisha bibi. Alitazama juu, akatazama kitandani, akamshika Alida shingoni kwa mikono yote miwili jinsi mtoto anavyomshika mtu kwenye maji. Alida angeweza kumbandua. Alikuwa na nguvu za kutosha. Angemsukuma nje na kuegemeza kiti mlangoni, na labda yule msimamizi angekubali kuendelea. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo. Saa ile mikono yake ilikuwa imeshamzunguka bibi, ikimpapasa mgongo, na kinywa kilikuwa kinasema, "Tulia, Mwalimu. Mimi niko hapa."

Kioo kikawa cheupe. Maandishi yakasema mtihani umesitishwa.

Harriet alitokea mlangoni baadaye, akiwa na simu mkononi. "Jamani! Kumetokea nini? Niligeuka kidogo tu!" Akamchukua mama yake. Alida akabaki ameketi mbele ya kompyuta, akisikia kwa mbali watu wakifyeka majani mtaroni na kucheka.

Jibu la kampuni ya mtihani lilikuja siku chache baadaye. Kanuni imevunjwa kwa kuwepo mtu wa pili, matokeo yamefutwa, mtahiniwa hataruhusiwa kurudia kwa mwaka mmoja. Alida aliandika kuomba, Léonidas akamrekebishia, wakapeleka hata cheti cha daktari cha Mwalimu. Wakajibiwa yale yale kwa maneno yale yale. Nyumba ya wazee ya Kanada ilijibu kwa upole zaidi. Walisikitika. Walikuwa wamempa nafasi mwombaji mwingine.

Léonidas aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena.

"Nitakwenda kwa huyo mama," alisema. "Nitamwuliza mbele ya majirani."

"Hutakwenda."

"Alikuwa wapi? Bibi kizee anatembea polepole vile, sebule nzima, korido nzima, yeye alikuwa wapi?"

"Léo, tunakula kwake," Alida alisema. "Kodi inatoka kwake. Utakwenda kumwambia nini, halafu kesho mimi nirudi pale kufanya nini?"

Hakwenda. Lakini jioni alianza kuchelewa kurudi, na akirudi alikuwa ananuka pombe ya ndizi, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. Ile misa ya shukrani hakuitaja tena.

Alida alimwuliza Harriet mwenyewe. Hakupanga; ilimtoka siku moja wakikunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha zake.

"Mama Manzi, siku ile ulimwona Mwalimu akiinuka?"

Harriet hakutazama juu. "Nilimwona. Nilidhani anakwenda msalani."

"Msalani ni upande wa jikoni."

Walikunja shuka mara moja, wakakaribiana, wakakunja tena. Harriet alilichukua akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja mpaka likawa halina mkunjo hata mmoja. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Ningefanya nini?" alisema. "Niambie wewe, Alida. Ungeondoka, mimi ningefanya nini na Mama? Ningeacha kazi tule nini? Ningemfungia ndani? Nilimwona anainuka. Nikasema moyoni, nikimrudisha, huyu anakwenda zake. Nikashika chai yangu."

Alida alitafuta neno. Alitafuta kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa. Hasira aliyoitarajia haikuja. Kilichokuja ni uchovu, mzito, wa kutoka miguuni. Kwa sababu swali lile hakuwa na jibu lake, na alijua kwamba hata yeye, angekuwa Harriet, asingekuwa nalo.

"Ungeniambia tu," alisema mwisho. "Ningekuelewa."

"Ungeelewa, halafu ungekwenda."

Kutoka chumbani Mwalimu aliita, akitaka kujua nani kazima taa, ingawa ulikuwa mchana. Alida akaenda.

Waliishi hivyo. Harriet alimwongezea mshahara kidogo bila kuombwa, na Alida aliupokea bila kushukuru. Hawakuzungumza tena ila mambo ya dawa na chakula. Mwalimu naye alikuwa anazidi kwenda mbali. Kiingereza, kilichokuwa kimebaki kizima muda wote ule, kilianza kumomonyoka. Alianza sentensi akaiacha njiani, akatafuta neno, akakasirika. Alida alimsaidia kwa maneno yale yale aliyofundishwa naye, lakini bibi alimtazama kama anayesikia lugha ya watu wengine. Kabla mwezi wa tisa haujaisha alibaki na Kinyarwanda tu, kile cha utotoni, cha mtoto mdogo anayeita mama yake.

Mvua za vuli zilipoanza alishikwa na homa ya mapafu. Hospitalini Alida alikaa kando ya kitanda kwa sababu Harriet hakuweza. Alikuwa akiingia, akimwona mama yake anavyopumua, akitoka nje kulia. Bibi alifariki asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Alida. Alida akamfunga macho, akampigia simu binti yake.

Msibani Harriet alimweka Alida safu ya mbele pamoja na ndugu, na watu waliokuja kutoa pole, kusema mwihangane, walimwambia yeye pia. Wengine walimdhania ni mtoto wa marehemu. Manzi alikuja kutoka India, kijana mrefu mwenye haya, akamshukuru kwa kumtunza bibi yake, akalala katika chumba chake.

Matanga yalipokwisha, Harriet alimwita Alida chumbani kwa mama yake. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa godoro. Alikuwa amejaza nguo za marehemu kwenye mfuko mkubwa wa kaki.

"Chukua hizi," alisema. "Na nitakuandikia barua nzuri. Wewe ni nesi hodari, utapata kazi tu. Mimi sasa... unaona mwenyewe, sina mgonjwa tena."

"Naona," Alida alisema.

Harriet alifungua mikono kama anayetaka kumkumbatia, akasita, akamshika bega. Alida aliuinua mfuko. Ulikuwa mwepesi kuliko ulivyoonekana, maana Mwalimu alikuwa mtu mdogo, na hakukuwa na gauni hata moja humo ambalo lingemwenea Alida.

Nje, mabaa ya Gisimenti yalikuwa yanafunguliwa, wahudumu wakipanga viti vya plastiki barazani na kufuta meza zilizolowa. Pikipiki ikasimama mbele yake. Dereva akamwuliza anakwenda wapi.

"Gitega."

"Hizo nguo ni za kuuza?" dereva aliuliza, akiukazia macho mfuko uliokuwa wazi juu, huku akimpa kofia ngumu ya abiria.

"Sijui," Alida alisema. Akavaa kofia, akapanda.